Dumila: Urithi Unaopitwa na Mabasi

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Dodoma, likisha kuupita mji wa Morogoro na kuvuka mto Wami pale Dakawa, hufika mahali ambapo barabara inagawanyika. Njia moja yaendelea kuelekea Gairo na Dodoma. Nyingine yakata kushoto kwenda Msowero, Rudewa na Kilosa. Njia panda hiyo ndiyo Dumila, mji mdogo wa wilaya ya Kilosa. Milima ya Ukaguru iko magharibi yake, milima ya Nguru iko kaskazini, na Uluguru imebaki nyuma upande wa Morogoro. Basi lisimamapo, wachuuzi hukimbilia madirishani na mabeseni ya matunda na mahindi ya kuchoma. Fedha hupokelewa, chenji hurudishwa, na basi huondoka. Kwa msafiri wa kawaida, habari za Dumila huanza basi linaposimama na kwisha basi linapoondoka.

Fikira hiyo ni ya makosa, na makosa yake si madogo. Upande mmoja wa njia panda hiyo, mwendo mfupi tu, iko Msowero, ambako mwaka 1884 karatasi moja ilitumiwa kuwanyang'anya wenyeji nchi yao. Upande wa pili, mwendo mfupi vilevile, iko Dakawa, ambako karibu miaka mia baadaye Waafrika walionyang'anywa nchi yao walipewa mahali pa kuishi na kujiandaa kuirudia. Ni mahali pachache katika Afrika ambapo mwanzo wa ukoloni na mapambano ya kuung'oa vimekaribiana kiasi hicho. Ikiwa upo mji mdogo unaostahili kuwa na nyumba yake ya kumbukumbu, basi Dumila ni mmojawapo.

KARATASI YA MSOWERO

Kila kijana wa Tanzania aliyepita shule ya sekondari amelisikia jina la Chifu Mangungo wa Msowero. Walio wengi hawakusikia jingine lolote juu yake ila kwamba alitia alama katika mkataba asiouelewa. Tangu hapo jina lake limekuwa mfano wa ujinga. Mkataba wa madini ukitiliwa shaka, magazetini na katika mikutano ya siasa husikika onyo kwamba viongozi wasiwe akina Mangungo. Kwa hiyo mtoto wa Msowero anayeketi darasani katika kipindi cha historia hujifunza kwamba kijiji chake kiliipatia dunia kitu kimoja tu, nacho ni aibu.

Haki yataka jambo hilo litazamwe upya, na litazamwe kwa ushahidi.

Tarehe 15 Novemba 1884 mataifa makubwa ya Ulaya yalianza mkutano wao wa Berlin wa kugawana Afrika. Siku chache kabla ya hapo, Mjerumani Carl Peters na wenzake walikuwa wamekwisha kuvuka kutoka Unguja hadi pwani ya Saadani, wakaanza safari ya bara. Hawakuwa na madaraka ya serikali yao. Walikuwa watu wa chama cha faragha kilichoundwa kutafuta makoloni. Kabla ya Krismasi Peters alikuwa amerudi Bagamoyo akiwa na mikataba kumi na miwili, iliyodai kwamba nchi za Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami sasa ni mali ya chama hicho. Mkataba wa Msowero una tarehe ya 29 Novemba 1884.

Jinsi mikataba hiyo ilivyofanywa inajulikana kutokana na maandishi ya Peters mwenyewe, aliyesimulia mambo hayo bila haya. Zilitolewa zawadi, kikanywewa kinywaji, ikasomwa karatasi ya Kijerumani mbele ya watu wasiojua Kijerumani, ikapandishwa bendera, zikapigwa bunduki. Kisha msafara ukaenda kwa mkuu mwingine. Mtu anayetembea kwa miguu katika nchi asiyoijua, akapata mikataba kumi na miwili katika muda wa wiki tano hivi, huyo hakuja kujadiliana na mtu. Alikuja kukusanya alama na mikwaruzo ya kalamu ili akazionyeshe Ulaya.

Na Ulaya alizionyesha. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata, tarehe 27 Februari, Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya kuzilinda nchi zilizodaiwa na Peters. Seyyid Barghash wa Unguja alipopinga, manowari za Kijerumani zilikuja Agosti 1885 zikaelekeza mizinga kwenye mji wake. Ni dhahiri basi kwamba nchi haikuchukuliwa kwa karatasi ya Msowero peke yake. Karatasi ilikuwa kisingizio; nguvu ilikuwa katika mizinga.

KARATASI INAYOJIPINGA

Ukiichunguza karatasi yenyewe utaona kwamba inajipinga mahali pasipopungua patatu.

Kwanza, inaitwa mkataba wa urafiki wa milele, lakini chini yake inasema kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote na haki zake zote kwa muda wote. Katika njia ya misafara ya wakati ule, urafiki baina ya mkuu wa nchi na mgeni ulikuwa jambo lenye taratibu zake. Mwenye msafara alitoa hongo, akapewa ruhusa ya kupita, maji, chakula na mahali pa kulala. Hapana ajabu ikiwa mkuu aliyepokea nguo na shanga nyingi mbele yake aliwaona wageni hawa kuwa wapitaji wengine kama waliotangulia.

Pili, karatasi hiyo inasema kwamba nchi inatolewa bila kuathiri mamlaka ya juu aliyonayo Mwenyi Sagara. Hapo waandishi wake wamekiri wenyewe kwamba Mangungo hakuwa mtawala wa mwisho wa nchi ile. Ikiwa yuko aliye juu yake, vipi aliweza kuitoa nchi yote milele? Isitoshe, makabila ya Ukaguru, Usagara na Uluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi yao ilikuwa ya ukoo. Mkuu aliisimamia, aliigawa na kuifanyia tambiko. Hakuwa na uwezo wa kuiuza, kama vile mtunza ufunguo wa ghala asivyokuwa na uwezo wa kuliuza ghala.

Tatu, karatasi inadai kwamba Mangungo alipoulizwa alijibu kwamba yeye si mtu wa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata hakujua kama Sultani huyo yupo. Msowero haikuwa mbali na njia za misafara zilizounganisha Bagamoyo na bara. Kwa miongo kadhaa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita na bendera ya Sultani mbele ya wapagazi wao. Stanley alipita nchi hizo mwaka 1871, na Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kujenga kituo Mamboya, katika milima ya Ukaguru, kabla Peters hajafika. Kwamba mkuu wa nchi kama hiyo hakupata kusikia kuwa kuna Sultani Unguja ni jambo gumu kusadikika. Lakini Peters alilihitaji jibu hilo, kwa sababu bila hilo karatasi yake isingekuwa na thamani mbele ya mataifa. Jibu likaandikwa.

Na ni nani aliyesimama kati ya Mangungo na karatasi? Ni mkalimani mmoja aitwaye Ramazan, aliyekuja na msafara na kuondoka na msafara. Karatasi inatamka kwamba yeye alimweleza Mangungo mambo yote kwa uwazi. Shahidi wa uwazi huo ni yule yule aliyefaidika nao.

Basi katika habari hii mwenye kustahili aibu ni nani? Ni mzee aliyempokea mgeni kwa desturi za nchi yake, au ni mgeni aliyeandika asichoambiwa? Peters huyo huyo, baada ya kuwanyonga Waafrika huko Kilimanjaro, aliondolewa kazini na serikali yake mwenyewe mwaka 1897. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja dunia imemsikiliza yeye juu ya Msowero, kwa kuwa yeye aliandika na Msowero haikuandika.

Haina maana kwamba onyo juu ya mikataba mibaya lisitolewe. Onyo ni la lazima. Lakini kiongozi wa leo mwenye wanasheria, wakalimani na makabati ya vitabu, akitia sahihi mkataba mbaya, si haki ajifiche nyuma ya jina la Mangungo. Mangungo hakuwa na hata kimoja katika hivyo.

DAKAWA NA WAGENI WA NAMNA NYINGINE

Mji wa Morogoro ulikuwa makao ya wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini kwa muda mrefu. Huko ndiko chama cha ANC kilikofanya mkutano wake mashuhuri mwaka 1969. Baada ya vijana wengi kuikimbia Afrika ya Kusini kufuatia mauaji ya Soweto ya mwaka 1976, serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru hao ardhi Mazimbu, kando ya mji wa Morogoro, iliyokuwa shamba la mkonge. Hapo wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mahali pakawa hapatoshi. Mwaka 1982 wakapewa ardhi nyingine Dakawa, katika barabara ile ile iendayo Dumila.

Wageni wale hawakuja na karatasi ya kudai nchi. Walikuja hawana nchi, wakapewa mahali. Walifyatua matofali, wakajenga nyumba, wakalima, wakafundishana. Siasa za Afrika ya Kusini zilipobadilika na safari ya kurudi kwao ikawadia, mwaka 1992 Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania pamoja na majengo yake. Mwaka 1884 mgeni alipokewa kwa urafiki akaondoka na nchi. Karibu miaka mia baadaye wageni walipewa ardhi kwa urafiki, na walipoondoka waliirudisha ikiwa imeongezeka thamani. Somo hilo la urafiki wa kweli na wa uongo halihitaji kitabu. Lahitaji tu mtu wa kusimama Dumila na kuonyesha kwa kidole, huku Msowero, kule Dakawa.

Tena kuna jambo la kustaajabisha. Huko Dakawa, katika miaka ya 1980, ulianzishwa mradi wa sanaa na kazi za mikono wa wakimbizi hao, wakipiga chapa vitambaa na kufuma. Waliporudi kwao waliuhamishia Afrika ya Kusini, katika mji wa Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda, nao ukaendelea kuitwa Dakawa. Jina la kijiji cha Morogoro likawa jina la nyumba ya sanaa ncha ya kusini ya Afrika. Ni abiria wangapi wanaopita Dakawa kila siku wanaolijua hilo?

SANAA ISIYO YA KUPOKELEA WAGENI TU

Urithi wa nchi hii si wa siasa peke yake. Mafundi wa Ukaguru, Uluguru na nchi za jirani tangu zamani walichonga mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti alichopewa mwali alipokuwa ndani akifundwa. Walichonga pia viti vya enzi vyenye migongo mirefu. Leo vingi katika vitu hivyo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, vimewekwa nyuma ya vioo na kuandikiwa vikaratasi. Mtoto wa Dumila anayetaka kukiona kiti cha wazee wake akiambiwa apande ndege, pana kosa mahali.

Kadhalika lugha. Sarufi ya Kikaguru ilichapishwa London mwaka 1886, imeandikwa na J. T. Last, mmisionari aliyekaa Mamboya. Kwa hiyo Kikaguru ni miongoni mwa lugha za bara zilizowahi mapema kuingia kitabuni. Kadhalika muziki: mkoa wa Morogoro ulioitoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe haukuvitoa hewani. Nyuma ya gitaa palikuwa na ngoma za vijijini, filimbi, nyimbo za mavuno na za unyago.

Ubaya ni kwamba sanaa hizo mara nyingi hukumbukwa siku mgeni mkubwa anapokuja. Wazee huitwa, huvalishwa fulana za rangi moja, hupiga ngoma kwa dakika tano juani, kisha huambiwa wapishe hotuba. Sanaa inayoitwa kwa ajili ya mgeni tu, mwenye nyumba huisahau.

MAKUMBUSHO SI LAZIMA YAWE JUMBA

Wapo watakaosema kwamba makumbusho hayaliwi, na kwamba Dumila yahitaji maji, zahanati na madaraja kabla ya vinyago. Hoja hiyo ina uzito. Januari 2014 mafuriko yaliikumba Dumila na jirani yake Magole, watu wakapoteza nyumba na mali, na daraja la barabara kuu likabomolewa. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mtu aliyekosa paa aanze kuchangia kabati la vioo. Lakini mafuriko hayo hayo yafundisha jambo jingine. Maji yanapoingia nyumbani huondoka na sanduku lenye picha za marehemu, barua za zamani na chungu cha bibi. Mzee anapofariki huondoka na zaidi ya hayo. Daraja likibomoka hujengwa jingine. Habari za Msowero zikizikwa hazifukuliki.

Wengine watasema kwamba Dumila ni mji wa watu waliotoka kila pembe, basi urithi huo ni wa nani? Jibu ni kwamba njia panda ni ya wote wanaoishi juu yake. Mkaguru, Msagara, Mluguru na Mnguu wana habari zao, na mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake anazo zake. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, mbele ya Msowero katika barabara ile ile, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Ulikuwa ugomvi wa ardhi, kama mambo ya mwaka 1884 yalivyokuwa ya ardhi. Nyumba ya kumbukumbu isiyothubutu kueleza hilo, na kuwaketisha wote wawili chini ya paa moja, haitakuwa imewasaidia watu wake.

Tena makumbusho si lazima yawe jumba la fahari. Kalenga ni kijiji tu cha Iringa, lakini kwa kuwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa hapo, wageni hufika kutoka mbali. Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma wamehifadhi ngoma na vifaa vya watemi wao, na ngoma za kuchezwa hazijanyamaza. Mjini Iringa, boma la Wajerumani lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, nyumba ya mtawala ikageuzwa nyumba ya wananchi.

Kwa Dumila kazi yaweza kuanza kwa mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili.

Kwanza, walimu na wanafunzi wa shule za Dumila, Msowero na Dakawa wawaendee wazee na kuandika masimulizi yao, kwa lugha yao na kwa Kiswahili. Simu ya mkononi yatosha kunasa sauti. Wazee wa Msowero waulizwe habari za Mangungo: alikuwa mtu wa ukoo gani, aliishi wapi, wajukuu wanamsimuliaje.

Pili, chumba kimoja, cha shule au cha ofisi ya kata, mahali palipoinuka pasipofikiwa na maji, kiwe cha kuwekea vitu ambavyo wananchi wenyewe wataviazima kwa hiari, kila kimoja na jina la mwenyewe. Nakala za hati za wakati wa Wajerumani zipatikanazo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ziombwe. Karatasi ya Msowero nayo ibandikwe ukutani, kando yake yakiandikwa maelezo ya wenyeji.

Tatu, mafinyanzi, wasusi wa mikeka na wachongaji wapewe nafasi sokoni siku ya gulio, wauze kwa bei ya haki na kufundisha vijana. Ngoma zichezwe kwa ajili ya watu wa Dumila kwanza.

Nne, pawe na kibao barabarani. Abiria ana dakika kumi. Dakika kumi zatosha kusoma maneno machache na kujua kwamba amesimama kati ya Msowero na Dakawa.

Ndugu Wananchi, wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini mtu hawezi kuwakubali wa kwao ikiwa habari zao amezipata kwa adui yao peke yake. Carl Peters alikaa Msowero kwa muda mfupi mno, akaondoka na neno lake ndilo lililobaki. Watu wa Msowero wamekaa hapo siku zote, na neno lao bado linangojewa. Liandikwe maadamu wako wanaolikumbuka, ili siku mtoto wa Msowero atakapolisikia jina la Mangungo darasani aweze kuinua mkono na kusema, hapana Mwalimu, huku kwetu habari hiyo husimuliwa namna nyingine.